Mwaka Niliorudishwa Darasa kwa Ajili ya Netiboli

Wiki jana binti yangu alirudi kutoka skuli na mfuko wa nailoni, akaniambia mwalimu wa michezo amesema kila mchezaji afue kizibao chake kwa sababu kuna mechi. Niliufungua ule mfuko jikoni. Kizibao kilikuwa cha buluu chenye herufi mbili nyeupe kifuani, kimekunjwa kibichi, na harufu iliyonipiga puani haikuwa ya mwanangu. Ilikuwa ya watoto wengi: jasho juu ya jasho, mafuta ya nazi, vumbi, na ule uchachu wa nguo iliyokauka ndani ya gunia bila kuona jua. Nilishika ukingo wa sinki. Nuru, ndilo jina la binti yangu, ana miaka kumi, akaniuliza, "Mama, wataka kutapika?" Nikamwambia akavue viatu.

Nilitaka kutapika kweli. Wenzangu wa rika langu mliocheza skuli za msingi hapa kisiwani mnaijua harufu ile. Sisi hatukuambiwa tufue. Vizibao vyetu saba vilikaa kwenye gunia moja nyuma ya mlango wa ofisi ya michezo tangu muhula mpaka muhula, na unapovaa chako kilikuwa baridi, kimelowa mtu mwingine. Nilikuwa nakivaa na kujiona malkia. Hilo ndilo linaloniudhi hata sasa, kwamba nilikipenda.

Nilikulia Majengo, katika nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa, vyumba sita na ukumbi mmoja mrefu katikati. Chumba chetu kilikuwa cha tatu mkono wa kushoto, mimi na mama yangu tu, maana baba alifariki ningali natambaa. Mama alikuwa kibarua kwenye godauni la chai kule Shimanzi. Kazi yao wanawake ilikuwa kuzoa chai iliyomwagika, kuichuja na kushona magunia yaliyopasuka. Jioni alirudi nyusi zimejaa vumbi la chai, utadhani amezeekea njiani. Kusoma alijua, lakini kusoma kwa herufi za Kiarabu, alizofundishwa na maalim chuoni, kule kwenye Kurani, akiwa mdogo. Juzuu anakusomea mpaka machozi yakutoke. Ila mpe karatasi ya skuli, atakuuliza ipi ni juu ipi ni chini.

Mimi nilikuwa mrefu. Darasa la sita nilikuwa nimempita mama kwa viganja viwili, na watoto wa mtaa walinitania wakiniita Mlingoti. Mwalimu wa michezo, tukimwita Madam Zuhura, aliniona siku moja nimenyoosha mkono natoa mpira uliokwama juu ya dirisha la darasa bila kupanda kitu. Hakuniuliza jina. Alinishika kifundo cha mkono, akakigeuza huku na huku kama mtu anunuaye samaki, akasema, "Wewe kesho uje na raba."

Mama alininunulia raba za mtumba Mwembe Tayari, za mwanamume, nikatia pamba mbele. Na niseme ukweli, maana sipendi watu wanaoandika kana kwamba michezo ni shetani. Nilikuwa hodari. Mpira ukitoka vidoleni mwangu nilijua kabla haujafika kwamba utaingia kwenye pete. Kiwanja chetu kilikuwa mchanga na vipande vya matumbawe, ukianguka unaacha ngozi ya goti pale pale, lakini nikiwa chini ya ile pete sikuwa mtoto wa kibarua wala Mlingoti. Sijapata tena kuwa hodari kiasi kile katika jambo lolote. Ndiyo maana nina hasira.

Kwanza tulifanya mazoezi baada ya masomo. Halafu baada ya kipindi cha sita. Ilipofika darasa la saba, kengele ya kipindi cha tatu ikilia mtoto mdogo alitumwa mlangoni kusema, "Wachezaji," nasi saba tunainuka, wengine wanatutazama kwa wivu. Madam alikuwa na kopo la glukosi. Alitupanga mstari, akamwaga unga kiganjani mwa wa kwanza, huyo analamba, halafu anasukuma mkono kwa wa pili alambe yaliyobaki kwenye mistari ya kiganja, kwa sababu unga haukutosha. Chungwa moja lilizunguka vinywa vinne. Nilimeza mate ya wenzangu mwaka mzima nikayaita nguvu.

Darasani tulikaa benchi la nyuma, wachezaji peke yetu. Mwalimu wa darasa alikuwa ameambiwa tusisumbuliwe. Mimi nililichukua hivyo: hatusumbuliwi kwa sababu tumeshajua. Wengine wanaulizwa maswali, wanapigwa, wanalia, kwa kuwa bado hawajui. Sisi hatuulizwi. Na madaftari yetu yalirudi yamejaa tiki.

Aliyenifumbua jicho moja alikuwa Tuma, mtoto wa chumba cha kwanza nyumbani kwetu, mfupi, mweusi wa kupendeza, mdomo hauna kufuli. Alikuwa darasa moja nami lakini benchi la mbele. Siku moja tumekaa ukumbini tunafanya insha, akachungulia daftari langu.

"Wee Mlingoti, hii insha yako haina mwisho."

"Nimepata thelathini."

"Thelathini ya nini, na sentensi imekatika katikati kama mkia wa mjusi? Ebu andika upuuzi tuone."

"Upuuzi gani?"

"Wowote. Andika paka amekula mkate wako."

Nikaandika, nikimtia Bi Mkubwa, mwenye nyumba wetu. Paka wa Bi Mkubwa amekula mkate wangu. Paka wa Bi Mkubwa amekula mkate wangu. Nikajaza ukurasa mzima na nusu ya wa pili, Tuma anacheka mpaka anajishika mbavu. Tukapeleka. Kesho yake daftari likarudi na tiki kubwa ya wino mwekundu iliyokatiza ukurasa, na chini yake: Kazi nzuri, thelathini na mbili.

Nilirukaruka ukumbini. Nilidhani nimefika mahali ambapo hata upuuzi wangu ni sawa, kwamba akili ikizidi sana mtu akiandika lolote anapata. Nikamwambia Tuma, "Waona?" Tuma alilitazama lile daftari, akanitazama mimi, wala hakucheka tena. Akaingia chumbani kwao akafunga pazia.

Mwaka ule tulifika mbali. Tulishinda kata, tukashinda kisiwa kizima, tukaenda mashindano ya mkoa tukashindwa kwa goli moja, na mpira wa mwisho ulikuwa wangu, uligonga pete ukatoka. Madam Zuhura hakunikemea. Baada ya wiki mbili akaja nyumbani kwetu.

Sasa hapa lazima nieleze jinsi alivyokuja. Alikuja alasiri ya Ijumaa, amevaa buibui jipya na amejifukiza udi, mkononi ana kilo mbili za sukari na leso mpya iliyokunjwa. Alibisha hodi mlango wa nje, akangoja. Akaulizia hali ya Mama, hali ya jirani, hali ya godauni. Akakaa ukingoni mwa kitanda chetu, maana kiti hatukuwa nacho, akanywa kahawa kikombe cha kwanza na cha pili. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Kwetu mtu akija namna hiyo, na maneno ya taratibu namna hiyo, huwa amekuja kuposa.

"Mama, nimekuja kuomba," alisema.

"Omba, mwalimu. Kilicho changu ni chako."

"Nataka mtoto nikae naye mwaka mmoja zaidi. Hapo hapo alipo, darasa la saba. Apate nguvu. La nane ni la mtihani, wakishaingia huko hatuwagusi tena. Huyu bado mbichi. Akikaa kidogo ataiva."

Mama hakuuliza nguvu za nini. Alifanya alichofundishwa na mama yake, na mama wa mama yake. Mtoto wa kwetu akipelekwa chuoni kwa mara ya kwanza, mzazi humkabidhi maalim kwa mkono na kwa maneno, na tangu siku hiyo maalim akisema mtoto arudie juzuu mara kumi, mzazi haulizi, maana kurudia ndiko kusoma. Mama alidhani mwalimu ni mwalimu. Aliniita nje ya pazia, akanishika mkono, akauweka kwenye mkono wa Madam Zuhura, akasema, "Nimekupa mbele ya Mungu. Mfunze kama wako."

Na Madam akaushika, akasema, "Amin."

Ile amin sijaisamehe. Mimi lakini usiku ule niliona dunia yote ni yangu. Watoto arobaini wanapandishwa darasa bila kuombwa na mtu, na mimi nimeombwa kwa leso na sukari. Ripoti yangu iliandikwa kwa wino mwekundu, rangi ya walioanguka, toka juu mpaka chini. Mama aliibandika ukutani kwa sababu rangi ilipendeza.

Januari Tuma akapanda la nane. Mimi nikakaa na watoto waliokuwa wakifika kwapani mwangu, benchi lile lile la nyuma, nimekuwa kapteni. Tuma akinipita uwanjani alinisalimia haraka kama mtu anayepita kwenye nyumba ya msiba asiyemjua maiti. Nilimwona ana kijicho.

Muhula wa pili tukashinda mkoa. Mfanyabiashara mmoja akapikia skuli biriani, sufuria mbili. Walimu walikula ofisini, nyama. Sisi tulikula chini ya ngazi, wali na mifupa. Halafu Madam akaniita. Walikuwa wameketi mkekani wamezunguka sinia, vidole vinang'aa mafuta. Akafinya tonge kubwa, nyama na wali na mchuzi, akalikandakanda kiganjani, akanitia mdomoni kwa mkono wake mbele ya wote, walimu wakapiga makofi. Ningali natafuna akageuka kwa mwalimu wa darasa, akasema, tena bila kupunguza sauti, "Huyu na mwaka ujao nitamwomba tena kwa hedimasta. Akipanda nitacheza na nani? Darasani akafanye nini, akili zake ziko miguuni." Wakacheka. Mimi pia nilicheka, na tonge mdomoni, maana nilidhani ni sifa. Kila mtu anataka miguu yenye akili.

Sitaki mtu aniambie kwamba nilikuwa mtoto, sikujua. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Kuna mahali tumboni nilijua, na siku iliyonithibitishia ilikuja kwa karatasi.

Mama alirudi jioni moja na karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya ukaya, kitambaa chake cha kichwani. Pale godauni vibarua wote walipewa langoni wakitoka. Ilikuwa kwa Kiingereza, imepigwa muhuri. Alikuwa amechoka, ameketi sakafuni amenyoosha miguu. "Nisomee, mwanangu," akasema. "Wenzangu wamekwenda kwa watoto wao, nami nikasema wangu yuko la saba mwaka wa pili, nimtafute nani tena?"

Niliishika. Nilijua neno moja hapa, neno moja kule. Nilijua kazi, nilijua siku, lakini siku gani sikujua, na katikati palikuwa na maneno marefu ambayo sikuweza hata kuyatamka. Mama ananingoja. Ningeweza kusema sijui. Mpaka leo nikioga au nikikata kitunguu huwa nasema peke yangu, sema hujui, sema hujui. Badala yake nilinyoosha shingo kama wanavyofanya watu wa habari, nikasema, "Wanasema kazi imepungua, mpumzike mpaka Jumatatu, ndipo mrudi."

"Alhamdulillahi," akasema Mama. "Nitapumzisha mgongo."

Alipumzika siku nne. Alinisuka nywele. Alipika viazi vya nazi. Jumatatu akaondoka alfajiri kama kawaida, na saa nne asubuhi, mimi niko nyumbani kwa sababu goti lilikuwa limevimba, nikamwona anaingia. Hakuvua buibui. Aliketi kitandani, akatoa ile karatasi ukayani, akaikunjua pajani, akainyoosha kwa kiganja.

"Nisomee tena."

"Nilikusomea, Mama."

"Nataka kusikia tena."

Nikaichukua. Nikanyoosha shingo tena. "Wanasema kazi imepungua, mpumzike mpaka Jumatatu, ndipo mrudi."

Akaipokea ile karatasi, akaikunja. Halafu akasema polepole, "Askari wa langoni kanisomea. Imeandikwa kila kibarua aje Alhamisi na kitambulisho aandikishwe upya. Asiyekuja hana kazi. Wamekwisha kuandika majina, mwanangu. Miaka tisa nimekula vumbi lao, na jina langu halimo."

Hakunipiga. Ningefurahi angenipiga. Aliniambia, "Lete madaftari." Nikaleta. Hakuweza kuyasoma, basi akangoja mpaka jioni Tuma aliporudi, akamwita ukumbini, akampa la juu. "Nisomee hapa, mwanangu, kama kulivyoandikwa, usitie wala usitoe."

Tuma alinitazama. Nikainama. Akasoma. "Paka wa Bi Mkubwa amekula mkate wangu. Paka wa Bi Mkubwa amekula mkate wangu."

"Endelea."

"Ni hivyo hivyo, ma' mkubwa, mpaka chini."

"Na hii nyekundu?"

"Ni tiki. Yaani amepata."

"Amepata nini?"

Tuma akalirudisha kwa Mama. Lile daftari lilikuwa la mwaka uliopita. Mama akachukua la mwaka ule, Tuma akasoma hesabu zangu, moja moja, jibu baya na tiki, jibu baya na tiki, mpaka Mama akainua mkono kumsimamisha.

Asubuhi tulikwenda skuli. Madam Zuhura alikuwa kivulini na filimbi shingoni. Na mama yangu, aliyekuwa hakulala, alimwamkia kwa ukamilifu, maana kwetu hata ukienda kugombana husalimu kwanza.

"Hujambo, mwalimu."

"Sijambo, Mama, karibu. Za nyumbani?"

"Njema. Watoto hawajambo?"

"Wazima."

"Na mzee?"

"Yuko."

"Alhamdulillahi. Nimekuja kuchukua wangu."

Madam akatabasamu. "Mama, mechi ni Jumamosi."

"Uliketi kitandani kwangu," Mama akasema. "Ukanywa kahawa yangu. Nikakutilia mkono wake mkononi mwako. Uliniambia akae aive. Ameiva nini?"

"Mama, huyu ana kipaji. Vitabu haviko kwake. Mungu hawagawii watu sawa."

"Mungu usimtie hapa. Mungu hakutia tiki kwenye daftari."

"Hizo si zangu, ni za mwalimu wa darasa."

"Na sukari ilikuwa ya nani?"

Wenzangu walikuwa wamesimama na mpira, wamevaa vizibao, wanasikiliza. Madam akapunguza sauti, akasema kitu ambacho sitakisahau kwa ubaya wake, kwa sababu alikisema kwa upole: "Mama, niambie wewe, mtoto wa kibarua angefika wapi na vitabu? Mimi angalau nimempandisha basi, ameona miji."

Mama alinishika mkono, tukatoka. Njiani, karibu na nyumbani, akasema bila kunitazama, "Na wewe ulijua."

"Sikujua, Mama."

"Ulijua hujui kusoma."

Tangu siku ile sikucheza tena. Hapo ndipo watu husema hadithi imekwisha vizuri, mama amemwokoa mtoto. Mimi siitazami hivyo, na hasira yangu nyingine iko hapa. Mama alichukua zile raba, akakata soli kwa kisu cha jikoni vipande vinne, akavitia chini ya miguu ya kabati lisiyumbe. Alianza kuuza maji ya barafu na kachiri za muhogo mtaani ili kunilipia masomo ya ziada, na saa kumi, filimbi inapolia upande wa pili wa ukuta wa darasa, mimi nilikuwa nimeinamia vitabu vya darasa la nne, maana huko ndiko nilikoanguka. Nilirudi nikapanda ngazi moja moja. Mtihani nikaupita kwa kujikwaa, nikaingia sekondari ya kutwa, nikamaliza. Mwalimu wa huko aliniona urefu wangu akaniuliza kama nacheza. Nikasema hapana. Nikaanza kutembea nimeinama mabega. Sikuruhusiwa kukimbia hata kufuata gari la maji. Mmoja alinikata kichwa, mwingine akanikata miguu, na wote wawili walisema wananipenda.

Sasa narudi kwa Nuru. Tunaishi Ganjoni, ghorofa ya tatu. Baba yake ni dereva wa malori, wiki mbili yuko njiani. Nuru amechukua urefu wangu. Baada ya kufua kile kizibao niliketi naye mezani, nikalifungua faili lake la skuli. Siku hizi hawaandiki alama, wanaandika kwamba mtoto amezidi matarajio. Hisabati: amezidi matarajio. Nikamuuliza, "Nuru, robo tatu ya ishirini ni ngapi?"

Akaangalia dari. "Saba?"

"Na hapa wameandika umezidi."

"Mwalimu amesema sisi wachezaji tutaandikiwa tu, Mama. Tusiwe na wasiwasi."

Nilipiga simu kwa mama yangu kabla sijaweza kuzungumza vizuri. Bado yuko Majengo, chumba kile kile. Alinisikiliza, akasema, "Mtoe. Leo hii. Mimi nilikutoa, na hukufa."

"Sikufa, Mama."

"Basi."

"Sikufa, lakini hukuniuliza kama naumia."

Nikasikia anapanga vikombe. Mwisho akasema, "Ningekuuliza ungeniambia kweli, wewe uliyenisomea uongo karatasi ile?"

Mwalimu wa michezo wa Nuru ni kijana mdogo, mchangamfu, ana tabasamu la kuuzia simu. Nilimkuta asubuhi yake. Akaniambia, kabla sijafungua mdomo, "Mama Nuru, hata nilikuwa nataka kukutafuta. Tunaomba Nuru awe anatoka saa nne, wiki sita tu. Walimu wameshakubali."

"Mimi sijakubali."

"Ana kipaji kikubwa sana, Mama."

"Najua alikokitoa. Robo tatu ya ishirini hajui."

"Hilo tutalirekebisha baada ya mashindano."

"Nani atalirekebisha?"

Akakohoa. Nikamwambia nitakachofanya, kwa sauti ambayo walimu wawili walitoka ofisini kusikia. Hatoki darasani hata dakika moja. Baada ya masomo ni wako, saa moja na nusu. Mimi naomba ruhusa dukani ninakofanya kazi, nakuja mwenyewe kila siku, na kabla hajagusa mpira atafanya kazi ya siku ile mbele yangu, na nitaisahihisha mimi. Na mkimwandikia tena asichokipata nitalipeleka lile faili mahali ambapo mtaulizwa kwa maandishi. Akasema jambo hilo litawavunja moyo wachezaji wengine. Nikamwambia awaite na mama zao.

Nyumbani Nuru alilia. Alidhani nimekuja kumtoa. Nilipomwambia atacheza, akalia tena kwa ajili ya hesabu, akasema nitamwaibisha. Nikasema ndiyo, nitakuaibisha.

Jana ilikuwa siku ya kwanza. Nilikaa kwenye ukingo wa saruji kando ya kiwanja, yeye kando yangu na daftari magotini. Wenzake wamejipanga. Hesabu zilikuwa kumi, nane alimaliza.

"Mama Nuru," mwalimu akasema, "tunamngoja yeye tu."

"Mtangoja. Zimebaki mbili."

Wasichana wakachekeana. Mmoja akasema, "Nuru, shule ya nje hiyo." Nuru alinikata jicho la chuki tupu. Akaandika jibu haraka, akanisukumia.

"Si hivyo. Rudia."

"Mama, tafadhali."

"Rudia. Gawanya kwanza, halafu zidisha."

Akafuta kwa kidole mpaka karatasi ikatoboka, akaanza upya chini yake, midomo inatikisika anahesabu. Filimbi ikalia mara moja, ikalia mara ya pili. Sikugeuka. Alipomaliza hakunipa daftari, alilitupa mapajani mwangu, akakimbia bila kusema kitu, miguu mirefu ile, vumbi nyuma yake.

Nililifungua. Nilipitia hesabu moja moja kutoka ya kwanza, kwa kidole, huku nikisikia wanamwita jina lake, mpira unadunda, mtu anapiga kelele kwamba imeingia. Sikuinua kichwa mpaka nilipofika mwisho wa ukurasa. Ya tisa ilikuwa sawa. Ya kumi ilikuwa sawa. Halafu nikafunga daftari, nikainua macho, nikatazama mchezo.